Chumba cha Mto

Watu wa Athens walipokuja na kamera zao na maturubai ya kuchorea, sisi wa Nerolivado tulidhani wameleta pampu. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu mafuriko ya Septemba, na kila gari geni lililoingia kijijini tulilikimbilia tukidhani ni pampu, au mhandisi wa tuta, au walau mtu wa kuandikisha kondoo waliokufa. Akashuka kijana mrefu mwenye skafu shingoni, jina lake Fedon, akatuambia kwa upole kwamba amekuja tukae pamoja, tusimulie na kuchora kijiji chetu kitakavyokuwa mwaka elfu mbili na sabini. Mzee Rizos, ambaye hana subira na mtu, alimwuliza kama mwaka huo kutakuwa na pampu.

Tulicheka sana. Fedon naye alicheka, na hilo lilimsaidia. Isitoshe alikuwa amefuatana na Vaia, binti wa huyo huyo Rizos, mwalimu wa uchoraji ambaye shule yake mjini ilimpunguza kazini, na mradi ule ukamwajiri. Mtoto wetu wenyewe, tuliyemwona akitambaa. Nani angemfungia mlango?

Basi tukakusanyika katika shule yetu isiyo na watoto, tukakaa kwenye vile viti vidogo, magoti yakigusa videvu. Alama ya tope ilikuwa bado juu ya ubao. Siku ya kwanza wanaume hawakusema neno lingine ila tuta: tuta la mto lilipasuka, lijengwe upya, lijengwe refu zaidi, basi. Siku ya pili Fedon aliuliza tena kwa upole wake ule ule, tukamjibu tuta. Vaia akawa anachora peke yake kwenye turubai kubwa mfano wa shuka la kitanda, huku mama yake, Asimina, akipita na sinia la kahawa bila kufungua mdomo.

Siku ya tatu Asimina aliweka sinia chini akasema yeye mwaka elfu mbili na sabini hatakuwepo, kwa hiyo anaweza kuusimulia bila aibu. Fedon akawasha kamera.

Alisimulia kwamba palikuwa na bibi mmoja aliyeitwa Mto, na bonde hili lote lilikuwa nyumba yake kabla yetu. Tukaja sisi tukaanza kumfungia vyumba. Babu zetu wakafunga cha kwanza wakapanda ngano, baba zetu wakakausha ziwa, sisi tukafunga kilichobaki tukapanda pamba. Bibi akawa hana pa kulala. Kila msimu wa mvua anakuja kugonga mlango, na kila tukimsikia tunapandisha tuta, mpaka siku alipochoka kugonga akavunja. Hapo sote tulijua alikuwa anasema nini. Shemeji yake, Stergios, alifia katika zizi la kondoo usiku ule.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Watu wa mwaka elfu mbili na sabini, alisema, walikuwa na akili kuliko sisi. Walikaa wakaamua kumpa bibi chumba chake. Wakang'oa pamba katika malisho ya chini, wakarudisha tuta nyuma karibu na nyumba, wakapanda mierebi na matete, na korongo wakarudi, na nyati wa maji wakarudi. Nyumba wakaziinua juu ya miguu ya mawe. Bibi akija, watu walibeba sanamu za watakatifu na viti vyao wakapanda mlimani kwa siku tatu, wakawasha moto, wakala, wakamsikiliza akijigeuza kitandani mwake. Siku ya nne walishuka, wakafagia tope uani, wakaendelea na maisha yao katika nyumba zile zile. Kisha akamaliza kama bibi zetu walivyomaliza: mimi sikuwepo, nanyi msisadiki.

Kwetu hadithi haiachwi bila maneno hayo. Mtu akisimulia asiyaseme, maana yake anakuapia kwamba ndivyo ilivyokuwa, na uongo wa namna hiyo hausamehewi. Hata watoto wanajua. Ukisahau kufunga hadithi, kuna mtu atakukumbusha ufunge kabla hujaondoka.

Nitasema kweli, tulichosikia kilituingia. Rizos na Zisis, mwenye mkahawa, walikuwa hawasemezani mwaka wa kumi na moja kwa sababu ya mpaka wa shamba katika malisho yale ya chini. Jumapili iliyofuata Rizos aliingia mkahawani, akaagiza kahawa kwa mdomo wake mwenyewe, akasema kama mto unataka kulala shambani kwake basi ulale, yeye amechoka kugombana na maji. Zisis alimletea kahawa na glasi ya tsipuro, pombe yetu kali ya zabibu, ambayo hakuiagiza, akasema wa kwake pia ulale. Wiki haikwisha tukawa tumeandika barua kwa serikali, majina mia na arobaini: tuta lirudishwe nyuma, malisho ya chini yaachiwe mto, sisi tubaki tulipo. Vaia alichora yote yale kwenye turubai, nyumba zenye miguu ya mawe na korongo kwenye mnara wa kanisa, tukalitundika uani kwa padri. Tangu maji yaje, ilikuwa mara ya kwanza kusikia watu wakisema habari za mwakani.

Filamu ilionyeshwa Agosti, kwenye televisheni ya jimbo. Zisis alipanga viti mpaka barabarani. Rizos alivaa shati jeupe akakaa mbele kabisa, na kila aliyepita alimpiga bega akimwambia leo mkeo anakuwa nyota. Asimina hakuja, alisema ataonea haya, abaki nyumbani na kuku wake.

Tulimsikia sauti. Ilikuwa yake, nzuri, imetulia, na michoro ya Vaia ikipita juu yake. Bibi aliyeitwa Mto akaja, akafungiwa vyumba, akavunja mlango. Halafu papo hapo, bila malisho wala mierebi wala miguu ya mawe, watu wakabeba sanamu za watakatifu na viti vyao wakapanda mlimani, wakawasha moto, wakala. Na hapo muziki ukapanda. Chini yakatokea maandishi kwamba wakazi wa Nerolivado wanaiota kesho yao mahali palipoinuka, mbali na maji. Baada ya filamu akatokea bwana mmoja mwenye tai, akasema tume ya serikali imeguswa mno na sauti ya wananchi wenyewe, na kwamba mpango wa kukihamisha kijiji kwenda kando ya mji sasa una baraka zao.

Hakuna aliyepumua. Kisha mtu mmoja nyuma, sitamtaja, akasema kumbe mzee Rizos alikuja kulitupa shamba lake kwa sababu alikwisha kupewa nyumba mjini. Rizos alisimama, akamwangalia Zisis. Zisis akaokota glasi za tsipuro kutoka mezani kwake, zote mbili, iliyonywewa na isiyonywewa, akaingia nazo ndani.

Nyumbani, Rizos hakuvua hata kofia. Alimkuta mkewe akichambua maharage.

"Umewaambia nini wale?"

"Nimewaambia ulichokisikia. Ulikuwa umekaa pale."

"Leo nimesikia kingine. Mto umekuja, tumehama, tumefurahi. Basi. Kwa sauti yako, Asimina. Si ya mtu mwingine."

Alipomsimulia yote, mkewe aliuliza jambo moja tu: kama waliacha maneno ya mwisho. Rizos alisema hayakuwepo. Ndipo maharage yalipomwagika. Asimina alisema wamemfanya mwongo, mbele ya jimbo zima wamemfanya mwapa uongo, na kwamba yule kijana wa skafu alivyokuwa akimpaka mafuta, mama hiki, mama kile, kumbe alikuwa anampaka kwa mgongo wa chupa. Rizos aliuliza na binti yao je. Mkewe alikuja juu. Alimwambia asithubutu, Vaia naye wamemzunguka kama walivyowazunguka wao, mtoto alichora nyumba zenye miguu ya mawe kwa mkono wake, wote waliziona.

Akampigia simu saa ile ile. Vaia alisema hajaiona filamu yenyewe, atafuatilia, mama asijitie presha. Alikuwa na haraka. Asimina alikata simu akamwambia mumewe, umeona, hata yeye hajui.

Kwa wiki tatu alilisema hilo kila mahali. Kwa mwenye gari la mkate, kwa padri, kwa Zafiro jirani yake, kwamba ni yule Fedon na watu wake wa Athens, binti yangu hakujua. Watu walimsikiliza wakiangalia viatu vyao. Mwenye gari la mkate alianza kupita nyumba yake bila kupiga honi, ikabidi awe anamsubiri barabarani na pesa mkononi. Wanawake waliokuwa wakimwita shangazi Asimina wakawa wanamwita mama, kama mtu wa kuja.

Septemba ikafika, mwaka mmoja wa marehemu. Asimina alichemsha ngano ya kumwombea shemeji yake Stergios. Aliianika kwenye kitambaa usiku kucha ikauke, akaichanganya na sukari, zabibu kavu, lozi na punje za komamanga, akaipangilia msalaba juu yake kwa lozi zilizomenywa. Aliipanga katika mifuko midogo ya karatasi, mia na arobaini, nadhani kwa makusudi. Padri aliibariki. Nje ya mlango wa kanisa ilikuwa meza, na mwenye marehemu husimama nyuma yake, kila anayetoka huchukua mfuko wake na kusema Mungu amsamehe.

Zafiro alitoka wa kwanza. Mume wake naye alichukuliwa na maji usiku ule ule. Alisimama mbele ya meza akamwambia Asimina kwamba Stergios alikuwa mtu mwema, hana neno naye, lakini kaburi lake na la mume wangu yako hapa, sasa huko tunakohamia utamchemshia nani ngano? Akapita bila kuchukua. Baada yake wengine wakapita. Wengine walijifanya wanatafuta kitu mfukoni, wengine walijishika mgongo. Mifuko ilibaki mezani, yote isipokuwa wa padri na miwili ya wazee wasiosikia vizuri. Jamani, kumkatalia mtu ngano ya marehemu. Sijui tulikuwa na roho gani. Mimi nami nilipita, nikawa naangalia juu mnarani kana kwamba korongo wa Septemba ni kitu cha kutazamwa, na mwezi huo korongo walikuwa wamekwisha kuondoka.

Rizos aliikusanya mifuko katika ndoo, akawamwagia kuku. Hakumsemesha mkewe siku ile wala iliyofuata.

Siku ya tatu Asimina alivaa viatu vya kanisani akapanda basi kwenda mjini Larisa kumtafuta Fedon. Alikuwa amejiandaa njia nzima. Angemvua nguo mbele ya watu, angemwambia mama yake alimlea vipi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la miwani, na Fedon mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, bila skafu, amekonda. Kabla Asimina hajamaliza sentensi ya kwanza, alimkalisha, akamletea maji na kipande cha peremende ya waridi kwenye kisahani, akawasha kompyuta.

Hadithi ilikuwemo yote. Malisho, mierebi, miguu ya mawe, kushuka siku ya nne, mimi sikuwepo nanyi msisadiki. Mwisho alimwona Rizos kwenye kiti cha mtoto, akipangusa jicho kwa kidole gumba akidhani hakuna anayemwona.

Fedon alisema hivi ndivyo alivyoikata yeye na ndivyo alivyoituma kwa wakubwa wa mradi. Ilirudi imefupishwa, na barua juu yake kwamba msimulizi mwenyewe ameomba ifupishwe, kwamba amebadili mawazo, anataka kuhama ila anawaogopa majirani. Alishangaa, lakini saini ilikuwepo. Tena, alisema akiinamisha macho, aliyeileta hakuwa mtu wa kutiliwa shaka. Akatoa karatasi kwenye jalada.

Asimina aliiangalia. Mwandiko ule aliujua tangu ulipokuwa hauwezi kufuata mstari. Ndio ulioandika vibandiko vya mitungi yake ya jemu.

"Mama Asimina," Fedon aliuliza, "hukuisaini wewe?"

Asimina alikunja kipande cha peremende katika leso yake, akasema basi lake linaondoka saa saba.

Vaia alikuja nyumbani Jumamosi mchana, baba yake akiwa shambani. Alileta matunda. Mama yake alimwacha aketi, akamwacha avue koti, akamkatia hata kipande cha pai ya jibini. Kisha akamwambia amemwona Fedon.

Vaia aliweka uma chini. Hakukana, na hilo nalihesabu upande wake.

"Ni mimi niliyekata."

"Nimeshaona ni wewe. Nataka kujua nilikukosea nini."

Ndipo alipoyasema, mfululizo, kama mtu aliyeyabeba mwaka mzima. Kwamba usiku ule ni yeye aliyekuja na boti ya watu wa uokoaji. Kwamba aliwakuta juu ya paa, baba akiwa amemshika mama kwa mshipi wa suruali, na walipomvuta mama kwenye boti, midomo imekuwa ya buluu, alichouliza ni nani atawapa kuku chakula. Kwamba ameongea na wahandisi, si wa televisheni, wa kweli, wakamwambia tuta lolote litapasuka tena, liwe mbele au nyuma, kama si mwaka huu basi wa tano. Kwamba alipowaona watu wakitia saini barua ile alitaka kupiga kelele.

"Hadithi yako ilikuwa nzuri mno, mama. Ingewaua. Walikuwa wamekwisha kukata tamaa, wangeondoka wenyewe taratibu. Wewe ukawapa sababu ya kubaki."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa. Mtu huulizwa ili aweze kukataa, Vaia."

Vaia alianza kulia. Mama yake hakuinuka. Aliuliza tu juu ya ile kazi ya chuo cha sanaa mjini, aliyoipata Julai, ambayo familia nzima ilimfanyia sherehe hapa hapa mezani. Wale wa chuo waliipenda filamu? Vaia akasema ndiyo, waliipenda. Basi kazi nayo ilikuwemo katika sababu zako, alisema Asimina. Nayo ilikuwemo, alijibu binti yake, lakini haikuwa ya kwanza. Naapa haikuwa ya kwanza.

"Mimi nimezunguka kijiji kizima nikikutetea," Asimina alisema. "Nimekataliwa ngano ya marehemu nikikutetea. Na wewe kila nikikupigia simu unaniambia nisijitie presha."

Akamwondolea sahani mbele yake, akaenda kuiosha.

Tume ilikuja Jumanne saa nne asubuhi, pale pale shuleni. Kijiji kizima kilikuwa kimejaa hadi kwenye madirisha. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenye sauti ya uchovu, na nilimpenda kwa sababu aliuliza alama ile juu ya ubao ni ya nini, kisha akaona haya kwamba ameuliza. Vaia alikuwa amekaa ukutani upande wa watu wa mradi, mweupe kama chokaa. Rizos alikaa mbele, mikono juu ya fimbo. Asimina alikaa karibu naye, wameachana kiti kimoja.

Mwenyekiti alisoma barua yetu ya majina mia na arobaini, akaiweka kushoto. Akaiinua karatasi ya Asimina, akaiweka kulia. Alisema tume ina vitu viwili vinavyopingana, na yeye si mtu wa kuhamisha watu kwa ajili ya filamu. Amepata fununu kwamba filamu ilikatwa bila ridhaa ya msimulizi. Fedon, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama sakafu. Kwa hiyo anamwuliza bibi mwenyewe, mbele ya wote, na jibu lake litaandikwa.

"Kama saini hii si yako, mama, sema. Jalada lote la kuhama nitalirudisha leo hii, na barua ya kijiji ndiyo itakayokwenda kwa waziri. Aliyesaini kwa niaba yako atakwenda kwa mwendesha mashtaka, hilo siwezi kulizuia. Kughushi karatasi ya serikali kuna kifungo."

Nje tulisikia kuku wa padri. Sisi wote, nasema wote, tulimwangalia Asimina kwa macho ya kumwomba. Watu waliompita na mifuko yao mezani. Zafiro alikuwa ameshika mikono kifuani. Zisis aliinua kidevu kumtia moyo. Mimi nilikuwa nafanya hesabu ya mlango upi nitauinua kwanza juu ya mawe.

Rizos aliomba aione karatasi. Wakampa. Aliisogeza mbali na macho kama afanyavyo bila miwani, kisha akapumua kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Alisema kwa nguvu ili kila mtu asikie kwamba mkewe amekuwa akitia saini kwenye ushirika wa pamba miaka arobaini, na hajawahi, hata siku moja, kuandika jina lake bila kutangulia na kimsalaba kidogo, kama alivyofundishwa na mama yake. Hapa hakuna msalaba.

"Hii si yako," alimwambia mkewe. Alikuwa karibu kucheka. "Asimina, waambie. Hii si yako."

Asimina aliichukua. Aliiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akainua macho, na hakumwangalia Rizos, wala sisi. Aliangalia ukutani, mahali binti yake alipoketi na mikono yake katikati ya magoti, vidole vya mchoraji vikiwa na wino ambao hautoki kamwe.

"Ni yangu," alisema.

Mwenyekiti alimwuliza tena, taratibu, kama ana uhakika. Alisema ana uhakika. Alikuwa na haraka siku ile, akasahau msalaba. Na filamu je, ilikatwa kwa ridhaa yake? Kwa ridhaa yake. Alibadili mawazo. Aliwaogopa majirani, ndiyo maana hakusema.

Mwandishi wa tume aliandika. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza.

Rizos alisimama. Alivaa kofia yake ndani ya nyumba, jambo asilolifanya kamwe, akatoka akisukuma watu mlangoni bila kusema samahani. Zafiro alifuata. Zisis alitema mate pale kizingitini. Hakuna aliyemtukana Asimina, kwa sababu sote tulikuwa tumekwisha kujua. Tulikuwa tumeona macho yake yalikokwenda, hata mtoto angeelewa. Kila mwenye mtoto pale ndani alijua angefanya vivyo hivyo, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumvumilia kwa kulifanya.

Tulikiacha chumba kikawa na viti vidogo tu, watu wa tume wakikusanya makaratasi. Vaia alivuka akaja kwa mama yake, akapiga magoti kwenye sakafu ile, akamshika mkono akaubusu.

"Asante, mama."

Asimina aliutoa mkono wake polepole, bila kumwumiza, akafunga kifungo cha juu cha sweta.

"Usinishukuru," alisema. "Nimekufunika tu. Sijakusamehe."